Neno la leo barazani

Jioni moja ya mwisho wa vuli, kwenye baraza ya Mji Mkongwe, Unguja, isiyo mbali na Jaws Corner, kijana aliinua uso kutoka kwenye simu akamuuliza mzee aliyekaa ubavuni pake kama anajua Waingereza wanaiitaje ile harufu ya ardhi kavu inaponyeshewa. Mzee, mvuvi wa zamani, alikuwa akipuliza kahawa yake.

"Petrichor, babu," kijana akajijibu mwenyewe, akalitamka mara mbili kama mtu anayeonja tende.

Mzee akapiga funda moja. "Na ikishanyesha siku tatu, maji yakaingia ukumbini, harufu yake wanaiitaje?"

Baraza nzima ikacheka, na kijana naye akacheka. Lakini nilimwona akiliandika neno lile kwenye daftari dogo, tarehe pembeni, chini ya orodha iliyokwisha kujaza kurasa kadhaa. Kila siku neno moja la Kiingereza, tena si neno la kawaida: lazima liwe la ajabu, neno ambalo mwalimu wake mwenyewe pengine halijui.

Mtindo huu umeenea. Mwaka 1994 Anu Garg, mzaliwa wa India aliyekuwa akisoma chuo kikuu huko Ohio, Marekani, alianza kuwatumia watu neno moja kila siku kwa barua pepe. Siku hizi kamusi kubwa kama Merriam-Webster nazo zina neno la siku, na makundi ya WhatsApp ya hapa Unguja huyapokea maneno hayo alfajiri pamoja na dua na picha za maua. Wenye kubeza husema ni ulimbukeni. Mimi sidhani. Mji huu una ugonjwa wa zamani wa kupenda maneno. Kabla ya simu watu walikaa barazani wakitegana vitendawili, wakibishana juu ya fumbo la mshairi, wakimchokoza mgeni kutoka Makunduchi awatamkie Kikae, lahaja yao, ili wa mjini washangae jinsi lugha moja ilivyo na vyumba vingi. Kijana mwenye daftari anafanya yale yale. Amebadilisha lugha tu.

Swali ni kama daftari hilo linamfikisha anakotaka kwenda.

Tuanze na hesabu, maana ni fupi. Paul Nation, mtaalamu wa New Zealand aliyeutafiti msamiati kwa miaka mingi, alikadiria mwaka 2006 kwamba anayetaka kusoma riwaya au gazeti la Kiingereza bila kusaidiwa anahitaji familia za maneno kati ya 8,000 na 9,000. Familia moja ni neno na watoto wake, kama kwetu soma, somo, msomi na masomo. Kwa neno moja kwa siku, bila kuruka hata siku ya Idi, 8,000 zitachukua karibu miaka 22. Hiyo ni kwa asiyesahau. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe, akachapisha matokeo mwaka 1885: sehemu kubwa ya alichokariri ilimtoka ndani ya siku ya kwanza. Katika vyuo vyetu vya Kurani jambo hili lilijulikana bila Mjerumani. Mtoto wa chuo hapewi darasa jipya kabla hajalisoma la jana, na mwisho wa juma huyarudia yote. Kudurusu, ndilo jina lake. Neno la siku lina siku tu, halina kudurusu, na la Jumanne hulifukuza la Jumatatu.

Tena maneno hayalingani uzito. Mwaka 1953 Michael West, Mwingereza aliyefundisha Bengal, alitoa orodha ya maneno kama 2,000 ambayo peke yake hubeba takribani maneno manne katika kila matano ya maandishi ya kawaida. Baadaye, mwaka 2000, Averil Coxhead akaongeza familia 570 za maneno ya kitaaluma, yale yanayojirudia katika vitabu vya vyuo vikuu, viwe vya sheria au vya biolojia. "Petrichor" haimo katika orodha hizo. Ilibuniwa mwaka 1964 na wanasayansi wawili wa Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, kutokana na maneno ya Kigiriki ya jiwe na ya majimaji yanayopita katika mishipa ya miungu. Tamu kweli. Lakini mtu anaweza kuishi London miaka 40 asiisikie mara tano.

Hapa ndipo mwanafunzi wa skuli zetu anapohitaji kutazamwa peke yake, kwa sababu yeye hana shida ya kukosa maneno ya ajabu. Sera ya elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliamua hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, na sekondari nayo ni Kiingereza. Mtoto aliyetoka nyumbani Mwera akizungumza Kiswahili mpaka anaingia getini huletewa "osmosis" na "photosynthesis" kabla ya saa nne asubuhi. Neno moja kwa siku lingekuwa mapumziko kwake. Na si maneno hayo makubwa yanayomwangusha, maana mwalimu huyaandika ubaoni, huyachorea jani na mshale, huyaeleza kwa Kiswahili mlango ukishafungwa. Linalomwangusha ni "whereas", ni "hence", ni "despite", vijineno ambavyo hakuna anayevichorea mshale. Katika mtihani anaambiwa "account for", yaani aeleze sababu, naye anaijua akaunti ya benki tu. Anaandika mambo ya fedha kwenye swali la mmomonyoko wa ardhi.

Kwa hiyo wako walimu wanaosema daftari la maneno ya ajabu litupwe, mtoto ashike yale 2,000 kwanza. Nawaelewa, na kwa mtoto wa mtihani nakubaliana nao. Lakini hoja yao ina upungufu. Inachukulia kwamba uadimu ni sifa ya neno lenyewe, popote liendako. Sivyo. Neno huwa adimu kwa kutegemea umekaa wapi, na Unguja ni mahali pa pekee pa kukaa kwa jambo hili.

Chukua "neap". Mwingereza wa Birmingham, mbali na bahari, anaweza kuulizwa neno hili asijue ni mnyama au mboga. Ni maji mafu, yale yasiyopanda sana wala kushuka sana mwezi unapokuwa nusu. Au "coir", ambalo ni usumba. Wanawake wa Jambiani na Bwejuu wamefukia makumbi pwani kwa vizazi, wakayafukua na kuyaponda ili wasokote kamba, wala hawakujua kwamba wanashika neno la Kimalayalam lililoingia Kiingereza. "Copal" ni sandarusi. "Mace" ni basibasi, ule wavu mwekundu unaoikumbatia kungumanga, ambao mtembeza wageni wa Kizimbani huupasua mbele ya watalii mara kadhaa kwa siku. Nenda Jozani ukamtazame kima punju. Kiingereza humwita "colobus", neno la Kigiriki la kitu kilichokatwa, kwa sababu mnyama huyu hana kidole gumba ila kibutu. Ukiwa umemwona akining'inia kwa vidole vinne hutahitaji kadi ya kukukumbusha.

Kwa msomaji wa mbali maneno haya ni ya ajabu kama petrichor. Kwa mtu wa hapa vitu vyenyewe viko uani, jina la Kiswahili analijua tangu utotoni, na kinachobaki ni kugonga jina la pili juu ya msumari uliokwisha kupigiliwa.

Ushahidi mzuri kuliko wote nauona Paje. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, na wakulima wengi wamekuwa wanawake. Aina kubwa walizopewa walime ziliitwa spinosum na cottonii, majina yenye mikia ya Kilatini. Leo majina haya yanatamkwa ufukweni kwa matao ya Kiswahili na watu ambao wengi wao hawakumaliza skuli, nayo hayasahauliki, kwani cottonii ina bei nzuri zaidi na hufa upesi maji yakipata joto, wakati spinosum ni ya bei ya chini lakini huvumilia. Hakuna aliyewatumia neno la siku. Neno lilikuja na kamba, na vigingi, na mnunuzi.

Kuna hazina nyingine, na hii ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Yule kijana siku moja alileta barazani neno "serendipity", bahati ya kukuta kizuri ambacho hukukitafuta. Lilibuniwa na Horace Walpole katika barua ya mwaka 1754, kutokana na Serendip, jina la zamani la kisiwa cha Sri Lanka, ambacho Waarabu walikiita Sarandib. Yaani neno ambalo dunia nzima hulishangilia kama johari ya Kiingereza limevuliwa katika Bahari ya Hindi, bahari ile ile iliyoleta milango yetu na biriani yetu.

Si hilo tu. "Monsoon" ilifika Kiingereza kupitia Kireno, na Wareno waliichukua kutoka Kiarabu, mawsim. Sisi tuliichukua hiyo hiyo tukapata msimu. Kaskazi na kusi zimeandikwa ndani yake. "Tariff" inatokana na Kiarabu cha kujulisha, na nduguye kwetu ni taarifa. Mwenye kulipa ushuru bandarini Malindi amepewa taarifa ya kiasi anachodaiwa, ndiyo maana ya asili. "Magazine", kabla ya kuwa jarida, ilikuwa ghala, nayo ina mzizi mmoja na hazina. "Cipher" na sifuri ni neno moja lililopita njia mbili. "Alcove", kile kichumba cha ukutani, kimetoka al-qubba, kuba letu. "Calibre" ya bunduki na kalibu ya mhunzi vilitoka tumbo moja.

Ukigeukia upande wa India mambo hayapungui. "Chit", karatasi fupi ya kuagizia kitu, ni cheti. "Gunny" ni gunia. "Serang", mkuu wa mabaharia katika meli za zamani, ni serahangi, neno ambalo wazee wa majahazi wangali nalo. Na msemo wa kizamani "first-chop", wa kusifia kitu cha daraja la kwanza, hauna uhusiano wowote na kukata. Ni chhap ya Kihindi, mhuri unaopigwa juu ya bidhaa. Sisi tunasema chapa. Mwaka 1886 ilitoka London kamusi nene ya maneno ya namna hii, Hobson-Jobson, kazi ya Henry Yule na A. C. Burnell. Iliandikwa kwa ajili ya Waingereza waliokwenda India. Mzanzibari akiifungua leo atajikuta anapiga hodi nyumba za jamaa kila ukurasa.

Nikumbushe tu kwamba udugu wa maneno huthibitishwa, haukisiwi kwa sura. Dada wa Kiswahili hana nasaba na "daddy", na aliyewahi kuniapia hivyo barazani alikuwa amekunywa kahawa nyingi mno. Tena ndugu wakitengana muda mrefu hubadilika tabia: anayetafsiri "tariff" kwa kuandika taarifa ataharibu mkataba wa watu. Hata hivyo, kwa kukumbuka, udugu huu una nguvu kuliko hila yoyote ninayoijua. Neno lenye jamaa mjini halipotei njia.

Wazungu waliokuja kujifunza lugha yetu walikuwa na hekima ambayo sisi tunaojifunza yao tumeisahau. Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864 akiwa na misheni ya UMCA. Mwaka 1870 alitoa vitabu viwili, kimoja mwongozo wa Kiswahili kama kinavyosemwa Unguja, cha pili hadithi alizosimuliwa na watu wa hapa, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Maneno yake mengi aliyapata ndani ya hadithi, yakiwa na paa anayesema na sultani anayedanganywa. A. C. Madan, aliyemfuatia katika misheni hiyo, alitoa kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili mwaka 1894 na ya Kiswahili kwa Kiingereza mwaka 1903. Kazi hiyo ilizaa matunda makubwa kuliko walivyodhani: mwaka 1928 mkutano wa Mombasa uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu. Na hata usanifu huo haukutunyang'anya vyetu. Bara wana shule, kutoka kwa Wajerumani. Sisi tuna skuli, kutoka kwa Waingereza, na afisi na spitali zinazomtambulisha Mzanzibari kabla hajataja jina lake. Hakuna hata moja kati ya hayo lililofundishwa kama neno la siku. Watu walikuwa na safari ya kwenda spitali.

Mwenye daftari angeniambia, na kweli aliniambia, kwamba mwandishi mkubwa kuliko wote waliotoka mtaani kwetu asingefika alikofika kwa spitali na skuli. Abdulrazak Gurnah alizaliwa Unguja mwaka 1948, akakua na Kiswahili, akaondoka mwishoni mwa miaka ya 1960, akaandika riwaya zake kwa Kiingereza na mwaka 2021 akapewa Tuzo ya Nobel. Ni kweli. Lakini tazama anavyoyatumia maneno. Katika By the Sea, ya mwaka 2001, mzee Saleh Omar anashuka uwanja wa ndege wa Uingereza, naye ni mtu aliyesoma, Kiingereza anakijua vizuri. Ameshauriwa ajifanye hajui. Anachokitoa mbele ya afisa wa uhamiaji ni "refugee" na "asylum", mkimbizi na hifadhi, maneno mawili ya Kiingereza, basi. Mkoba wake una udi wa al-qamari, na kichwa chake kina maktaba, ila mlango unafunguliwa na maneno mawili ambayo mtoto wa kidato cha pili anayajua. Riwaya nzima inakaa juu ya pengo hilo, kati ya anachokijua mtu na anachoruhusiwa kukisema. Na yale maneno adimu kweli katika vitabu vya Gurnah, kwa msomaji wa Uingereza, mengi ni yetu. Ameyaacha ndani ya Kiingereza chake bila kuyaombea radhi. Paradise, ya mwaka 1994, ilipotafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi mwaka 2022, nadhani mengi yalikuwa yanarudi nyumbani.

Tena yanapokelewa huko waziwazi. Mwaka huo huo wa 2022 kamusi ya Oxford ilitangaza maingizo karibu 200, mapya na yaliyofanyiwa marekebisho, ya Kiingereza cha Afrika Mashariki, na ndani yake umo msemo ambao kila mtalii wa Forodhani hurudi nao kwao, asante sana. Huenda asubuhi moja kijana wa Manchester ataliandika neno letu kwenye daftari lake, tarehe pembeni.

Ningekuwa mwalimu wa yule kijana nisingemnyang'anya daftari. Ningemwambia aache kuchukua neno analotumiwa na kompyuta ya mbali isiyojua yeye ni nani. Achague neno kwa sababu ya kitu alichokiona siku hiyo. Na mara nyingi litakuwa neno analolijua tayari, lenye maana ambayo hakuitarajia. Mji Mkongwe umejengwa kwa mawe ambayo kwa Kiingereza huitwa "coral rag". "Rag" anaijua, ni kitambaa kikuukuu cha kufutia. Basi kwa nini mawe? Kwa sababu "rag" pia ni jiwe gumu, la matundu, lisilochongeka sawasawa. Atembee Shangani akaguse ukuta uliobanduka chokaa, atalielewa kwa kiganja. Kisha alirudie baada ya siku tatu, na baada ya juma, na baada ya mwezi, kama alivyorudishwa chuoni kwenye juzuu ya Amma.

Nilimkuta barazani tena wiki chache baadaye. Safari hii mzee ndiye aliyeuliza. Alitaka kujua Wazungu wanaliitaje bamvua.

Kijana akatafuta kwenye simu, akakunja uso. "Wanaliita 'spring tide', babu. Lakini 'spring' ni majira yao ya maua, na hapa hatuna."

"Na bamvua haliji mara moja kwa mwaka. Linakuja kila mwezi mara mbili. Tazama tena."

Akatazama tena, akisoma chini zaidi ya mstari wa kwanza, kitu ambacho neno la siku halikuwahi kumlazimisha afanye. "Si majira," akasema taratibu. "Ni kuruka. Maji yanayoruka, yanayofoka."

"Ee." Mzee akaweka kikombe chini. "Hapo wameona. Na maji mafu?"

"Neap."

"Nipu," mzee akarudia, akalipima mdomoni, akatikisa kichwa. "Fupi. Hayana nguvu. Hilo liandike."